Usiandike barua ya kujiuzulu kwa mkono wako

Mdogo wangu, nimekusoma mara mbili. Miezi mitatu kazini, kampuni ya watu saba, Ijumaa jioni unaitwa, unaambiwa Jumatatu usirudi, na ukikubali kuandika mwenyewe kwamba unaacha kazi, basi "mutaachana muzuri". Unauliza uandike au usiandike. Usiandike. Nasema hivyo kwa sababu mimi kalamu ilikuwa tayari mkononi, hapahapa Lubumbashi, Kongo, Aprili 2025.

Nilichukuliwa Januari na ajensi ndogo ya forodha, huku mjini upande wa Posta. Tulikuwa sita, mlinzi akiwa ndani ya hesabu. Kazi yangu ni nyaraka za malori yanayotoka Kolwezi na Likasi, kwenye migodi, kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mshahara dola 400, mkataba wa mdomo. Kila nilipouliza karatasi niliambiwa zinakuja, nazo zilikuja kwa mwendo wa lori lililo mwisho wa foleni pale mpakani.

Tarehe 22 Februari serikali ikasimamisha kuuza madini ya kobalti nje kwa miezi minne. Wateja wetu wakubwa walikuwa wa kobalti. Machi yote nilipanga majalada ya zamani na kunywa chai, na sikuona lolote likija, maana mtu akiwa mgeni kazini hudhani kila ofisi ina msimu wake wa ukimya. Katikati ya Aprili mkubwa akaniita. Hakuwa mkali. Alisema, "Mwanangu, kazi hakuna, njo vile mambo iko." Kisha akasogeza karatasi nyeupe: niandike kwamba naondoka kwa hiari yangu, ili jina langu lisiharibike kwa ajensi nyingine.

Kilichonisukuma karibu niandike ni aibu. Mke wangu alikuwa ameshaingia likelemba, yaani mchango wa kupokezana pesa, na wenzake wa soko la Katuba akitegemea mshahara ule, na nyumbani kwa wazazi nilishapokewa kama mtu aliyepata. Neno "nimeacha" lilionekana tamu kuliko "wamenifukuza". Nikaomba niiandikie nyumbani. Sikuwa na akili yoyote ya sheria, nilitaka tu kutoka mle ndani kabla sijalia.

Yaya wangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, aliwahi kuwa karani kwa wakili. Nilipomweleza alicheka, halafu akakasirika. "Ukiandika umeacha, wewe utamdai nini? Yeye ndiye atakudai preavisi!" (Preavisi ni siku za taarifa anazotakiwa kutoa anayevunja mkataba.) Ndipo nikaelewa ile huruma ilikuwa na hesabu ndani yake.

Kanuni ya Kazi ya nchi yetu, ile ya 2002 iliyorekebishwa 2016, inasema mwajiri akivunja mkataba lazima aandike barua na ataje sababu. Kukosa kazi ya kufanya ni sababu inayokubalika, hilo nisikudanganye, kwa hiyo sikwenda kudai nirudishwe. Lakini mkataba usio na muda maalumu unavunjwa kwa preavisi ya siku 14 za kazi angalau, na kila mwaka kamili ukitimia zinaongezeka siku 7. Asipotaka uzifanye, anazilipa.

Mkubwa alijitetea kwamba nilikuwa bado kwenye majaribio. Hapo ndipo uvivu wake wa karatasi ulipomgeukia. Majaribio hayahesabiwi mpaka yaandikwe. Yakiandikwa hayapiti miezi sita, na kwa kibarua asiye na ufundi, mwezi mmoja. Pasipo maandishi, mkataba unachukuliwa kuwa hauna mwisho, na mfanyakazi anaruhusiwa kuuthibitisha kwa njia yoyote aliyo nayo. Mimi nilikuwa na ujumbe wa WhatsApp wa kunituma Kasumbalesa usiku, na mishahara mitatu iliyoingia kwa M-Pesa kutoka namba yake mwenyewe.

Nilikwenda Inspeksio ya Kazi, ofisi ya serikali inayokagua mambo ya kazi. Huwezi kuruka pale ukaenda moja kwa moja kwenye mahakama ya kazi, lazima kwanza wajaribu kuwapatanisha. Nilirudi mara nne. Mara ya kwanza mhusika hayuko, ya pili mkubwa wangu hakutokea, ya tatu kulikuwa na mvua na hakuna umeme (Lubumbashi ni Lubumbashi). Ya nne tulikaa wote watatu. Hesabu ilikuwa fupi: 400 kugawa kwa siku 26 za mwezi, mara 14, karibu dola 215, na siku nilizofanya Aprili juu yake. Alilipa kwa mara mbili, akinung'unika. Alinipa pia cheti cha mwisho wa kazi, na hicho ndicho kilichonisaidia kwa ajensi nyingine mwezi Novemba, baada ya serikali kuondoa katazo la kobalti na kuweka viwango vya kiasi kinachoruhusiwa kuuzwa nje.

Kwa hiyo Jumatatu usiende kugombana naye. Mwambie kwa maandishi, hata kwa WhatsApp, kwamba unangoja barua yake. Kabla ya hapo piga picha kila kitu kilicho kwenye simu yako, na uzitume picha hizo kwa mtu mwingine, maana simu za hapa mjini hazina bwana mmoja. Usikae mwaka mzima ukifikiri: dai la mshahara linakufa baada ya mwaka mmoja, madai mengine ya mkataba baada ya miaka mitatu.

Na angalia kama walikuwa wakikukata CNSS, yaani mchango wa mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Mimi kila mwezi nilipata 380, wakisema 20 ni ile asilimia 5 yangu. Nilipokwenda kuuliza CNSS, jina langu halikuwepo. Hiyo dola 60 bado tunaivutana mpaka leo. Ukipata njia iliyo fupi kuliko yangu, uniandikie.