Ukitaka kuchimba historia ya mji wa mtoni, anza na mto wenyewe

Wengi wakitaka kujua asili ya jina la mji mdogo ulioko kando ya mto, pamoja na familia zilizokaa pale, swali la kwanza huwa "hili jina lina maana gani", na majibu wanayapata siku hiyohiyo maana kila mzee ana lake, eti kulikuwa na chifu anaitwa hivyo, eti mgeni alifika akauliza hapa ni wapi akajibiwa kitu kingine kabisa na yeye akaandika hicho hicho. Hadithi ya huyo mgeni utaikuta dunia nzima, mji kwa mji, kwa hiyo ukiisikia iandike lakini usiitegemee. Mimi nimefuatilia mji wa namna hiyo kwa miaka kwa sababu ya ukoo wa bibi yangu, na kama kuna kitu kimoja ningependa mtu anayeanza leo akijue ni kwamba mto ndo unatangulia, majina na familia vinafuata nyuma yake.

Mto mara nyingi ulipewa jina kabla hakujawa na nyumba hata moja. Nairobi wote tunajua, Wamasai walikuwa wanaongelea maji baridi, yaani mto, mji umekuja baadaye sana na reli. Uingereza kuna mito kadhaa inaitwa Avon, na hilo ni neno la wenyeji wa kale lililomaanisha mto tu basi, waliokuja baadaye wakadhani ni jina. Ila kuna wakati inageuka, na hapa ndo watu wanapotea. Cambridge kwa mfano, ukiangalia haraka utasema ni daraja la mto Cam, imeisha hiyo. Lakini zamani mto uliitwa Granta na mji ukaitwa Grantebrycge, daraja la Granta, afu matamshi yakabadilika taratibu karne kwa karne mpaka ikawa Cambridge, na watu wakaona kama mji ni Cambridge basi mto lazima uwe Cam! Mto ukapata jina kutoka kwa mji, na sehemu ya juu ya mto huo mpaka leo bado inaitwa Granta. Kwa hiyo kabla hujatafsiri chochote tafuta jina la mji na la mto yalivyoandikwa mara ya kwanza kabisa, weka mwaka pembeni, panga kwa mfuatano. Jina la leo ni la mwisho kwenye mstari, si la kwanza.

Na tahajia usiidharau. Pittsburgh kule Marekani, pale mito Allegheny na Monongahela inapokutana na kuanza mto Ohio, mwaka 1891 bodi ya serikali ya majina iliondoa ile h ya mwisho, wenyeji hawakukubali, ikarudishwa 1911. Sasa wewe ukitafuta kwenye kompyuta kwa tahajia moja tu unakosa miaka ishirini ya karatasi. Andika kila namna karani aliyechoka angeweza kulisikia jina, na majina ya watu vilevile.

Kitu kikubwa zaidi kwangu ni hiki, mto ni mpaka. Mpaka wa wilaya, wa parokia, wa jimbo, wakati mwingine wa nchi, na familia za mtoni hazikujali mpaka, walioa ng'ambo, walizika ng'ambo, walibatiza pale ambapo kivuko kilikuwa kinafanya kazi wiki hiyo. Ukitafuta upande mmoja tu utaona mtu anapotea ghafla na utadhani alikufa au alihama mbali, kumbe amevuka maji tu. Tafuta kingo zote mbili kila mara. Tena mto wenyewe unahama, jamani. Kaskaskia ndo ilikuwa makao makuu ya kwanza ya jimbo la Illinois mwaka 1818, halafu 1881 mto Mississippi ukavunja ukingo ukachukua njia mpya, mji mwingi ukaliwa na maji, na kilichobaki kikajikuta upande wa magharibi wa mto, ni Illinois bado lakini kwa barabara unaingilia jimbo la jirani, Missouri. Sasa fikiria mjukuu anayetafuta nyumba ya babu yake kwa ramani ya leo. Ramani za zamani ni lazima, na ukiipata soma kwanza mwaka wake.

Kwenye familia, usianze na mababu zako, anza na kazi ambazo mto ulizileta. Nani alikuwa na kivuko, nani alikuwa na kinu, nani alikuwa anapakia mizigo, nani alikuwa mvuvi. Leseni za vivuko na kesi za kugombea mashamba yaliyoliwa na maji zina majina kibao na mara nyingi hakuna aliyezifungua.

Vitabu vya ubatizo navyo visome ukurasa mzima, sio ule mstari wako tu. Kuna tarehe, mtoto, wazazi, halafu wasimamizi, na hao wasimamizi ndo hazina. Kwenye ule mji wangu kulikuwa na jina moja linajirudia kwa wasimamizi wa familia tatu tofauti ambazo hazikuwa na ukoo wowote kwa macho, mwandiko umebana, herufi ya kwanza imepotea kwenye doa la maji. Nililifuata kwenye daftari la ushuru nikakuta ni mvushaji, dada zake wameolewa kwenye zile familia, na karatasi za zamani kabisa zinapaita pale kwa jina lake na neno kivuko. Wazee wote walikuwa wananipa hadithi ya mnyama kuwa ndo asili ya jina. Angalia na pembeni ya ukurasa, kwa Wakatoliki tangu 1908 ndoa inatakiwa kuandikwa pale pale kwenye jina la ubatizo, kwa hiyo unaweza kujua mtu alioa wapi bila kutoka kwenye kiti.

Sensa zinasaidia ila zina kufuli, yaani majina ya watu hayafunguliwi mpaka muda upite, Marekani wanasubiri miaka 72, Uingereza 100, na ya Marekani ya 1890 karibu yote ilipotea baada ya moto wa 1921. Kwa hiyo kwa watu wa karibuni wazee ndo nyaraka zenyewe, waone kabla ya maktaba, na usiwaulize jina linatokana na nini. Uliza maji yalifika wapi mwaka ule wa mafuriko, nani alihama, nani alivusha watu, mlikuwa mnapaitaje nyinyi mkiwa watoto. Hapo utapata majina ya kweli. Rekodi sauti kama wanakubali, na mtaje aliyekuambia.

Makaburini nenda asubuhi au jioni jua likiwa chini, mwanga wa pembeni unatoa maandishi yaliyofutika, usisugue jiwe na brashi ya waya wala kupaka chaki, unaliua.

Ukija kuandika, weka kila maelezo ya jina pamoja na mwaka na mahali ulipoyapata, hata yale usiyoyaamini, na uonyeshe lipi linaungwa mkono na karatasi na lipi ni simulizi. Tarehe za kuzaliwa za watu walio hai ziache nje. Nakala mpelekee yule mzee aliyekuanzishia, na nyingine maktaba iliyo karibu na mji, ya kila upande wa mto.