Jibu: Mwalimu kuomba nafasi ya kuongoza shirika la malezi ya vijana Moshi

Ndugu mleta mada, umesema wewe ni mwalimu wa sekondari, umesimamia klabu za wanafunzi kwa miaka kadhaa, na sasa umeona tangazo la nafasi ya Mkurugenzi Mtendaji katika shirika la malezi ya vijana hapa Moshi. Unauliza kama mwalimu anaweza kuiomba, na barua yake aiandike vipi. Niliwahi kuongoza shirika la aina hiyo Arusha, na baadaye nikaingia kwenye bodi ya jingine huku Moshi, ambako nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili. Omba, ndugu yangu. Namna ya kuomba ndiyo inayohitaji maelezo.

Barua nyingi zinazofika kwenye bodi hueleza jinsi mwombaji anavyowapenda vijana na jinsi alivyoitwa kuwatumikia. Hakuna ubaya wowote katika hilo, ila watu wa kuwapenda vijana shirika linao tayari. Ndio walezi wa kujitolea, yaani watu wazima waliopangiwa vijana wa kuwaongoza, wanaofika kila Jumamosi bila hata nauli. Bodi inamtafuta mtu atakayeweza kusema, bila kubabaika, kijana huyu yuko salama mikononi mwa nani, na fedha za mwakani zitatoka wapi. Barua inayojibu hayo mawili kwa mifano ya kazi uliyokwisha kuifanya itasomwa mpaka mwisho.

Nianze na usalama, kwa sababu hapo ndipo mwalimu ana nguvu kuliko anavyodhani. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 inamtambua kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35, ilhali Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Kwa hiyo katika ukumbi mmoja pale Pasua au Njoro utakuta binti wa kidato cha pili ameketi karibu na dereva wa bodaboda mwenye mke na watoto, na wote wawili wanaitwa vijana wa mradi. Mkurugenzi ndiye anayeamua nani anaruhusiwa kukaa na nani faragha, mlezi anaweza kumpigia kijana simu saa ngapi, na picha zinazotumwa kwa wafadhili zimepigwa kwa ridhaa ya nani, jambo ambalo tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 si suala la adabu peke yake.

Katika usaili mmoja tuliwauliza waombaji wote swali lilelile: binti wa miaka 16 amekuambia kwamba mlezi wake humtumia ujumbe wa simu usiku, kesho asubuhi utafanya nini? Wengi walijibu kwamba wangemwita mlezi wazungumze kwa hekima. Mwombaji mmoja, mwalimu kama wewe, alisema kwamba angemzuia mlezi huyo asikutane na kijana yeyote mpaka jambo lichunguzwe, angeandika maneno ya binti kama alivyoyatamka bila kumhojihoji, kisha angemjulisha afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na ikibidi dawati la jinsia na watoto la polisi. Halafu akatuuliza: "Lakini kwa nini kesho asubuhi, wakati binti amesema leo?" Mwenyekiti wetu aliweka kalamu chini. Kama umewahi kushughulikia shauri la namna hiyo shuleni, lieleze kwa aya nzima, bila kumtaja mtoto wala kudokeza ni nani.

Jambo la pili ambalo waombaji wachache huligusa ni muda ambao mlezi na kijana hudumu pamoja. Jean Grossman na Jean Rhodes walichapisha mwaka 2002 utafiti uliotumia takwimu za Big Brothers Big Sisters, shirika la Marekani linalowaunganisha vijana na walezi wa kujitolea, wakaonyesha kwamba vijana waliokaa na mlezi mmoja kwa mwaka mzima au zaidi ndio walionufaika zaidi, na kwamba wale ambao uhusiano wao ulivunjika mapema sana walirudi nyuma, hata katika namna walivyojithamini. Sasa hebu yaweke hayo katika mazingira yetu. Msimu wa watalii unapoanza katikati ya mwaka, vijana wengi wa kiume wanapanda mlima kama wapagazi, na ukumbi uliojaa wakati wa masika unabaki na viti. Desemba walezi wenyewe wako Rombo, Marangu na Machame na familia zao. Mwombaji anayekuja na ratiba inayofuata msimu, au anayependekeza mlezi na kijana wawasiliane kwa utaratibu maalumu wakati wa safari za mlimani, anaonyesha kwamba anaujua mji. Binafsi ningempa alama nyingi kuliko mwenye shahada ya pili anayetuletea mpango ulioandikwa kwa ajili ya mji wowote ule duniani.

Kuhusu fedha, usiogope kwamba hujawahi kuandika andiko la mradi. Eleza fedha ulizozisimamia: michango ya wazazi ya chakula cha wanafunzi, kwa mfano, ilikusanywaje, nani alitia saini, kilibaki kiasi gani na wazazi walisomewa hesabu lini. Shirika linawajibika kupeleka taarifa ya mwaka kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, na Kanuni za mashirika hayo za 2018 zinalitaka liweke wazi fedha linazopokea zinapozidi shilingi milioni 20. Mtu aliyezoea kusimama mbele ya wazazi na kusoma mapato na matumizi hashtuki akiambiwa hayo.

Nawe wahoji. Omba taarifa ya ukaguzi wa hesabu ya mwaka uliopita kabla ya usaili, uone kama mfadhili mmoja ndiye anayebeba mishahara yote na mkataba wake unakwisha lini. Uliza mwasisi yuko wapi. Mashirika mengi ya Arusha na Moshi yalianzishwa na mtu mmoja mwenye moyo, na mtu huyo anapoajiri mkurugenzi wakati mwingine hukabidhi cheo akabaki na kitabu cha hundi. Nimewaona watu wazuri wakiondoka kabla ya mwaka kwa sababu hiyo. Uliza, kwa upole, watia saini wa akaunti ya benki ni nani na mkurugenzi anaweza kuajiri bila kibali cha nani. Wakijibu kwa kuzungukazunguka, hilo ni jibu.

Mambo ya vyeti, kitambulisho cha NIDA na wadhamini unayajua. Ila mdhamini mmoja awe aliyewahi kuwa bosi wako, maana rafiki wa kanisani au msikitini hatupi chochote cha kuuliza. Na kama uko serikalini, zingatia kwamba unachangia PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wakati mashirika haya huchangia NSSF, ule wa sekta binafsi, na mikataba yao mara nyingi hufuata urefu wa mradi. Kaa na afisa utumishi kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. Rasimu ya barua ikiwa tayari, iweke hapa bila jina lako wala la shirika, nitaisoma.