Shemeji aliponiuliza amesema nini

Shemeji yangu alitoa shahada, tamko la kusilimu, msikitini baada ya sala ya Ijumaa, wiki mbili kabla ya kumuoa dada yangu. Watu wakapiga takbiri, mzee mmoja akamvisha kofia. Njiani kurudi akaniuliza, "Hebu shemeji, yale maneno nimesema nini hasa?" Nikamjibu haraka: umesema hakuna Mungu ila Mwenyezi Mungu. Akacheka. "Si hata kanisani nilikuwa nalisema hilo?"

Nikakosa la kusema. Mimi niliyeanza chuo cha Kurani nikiwa na miaka mitano, ninayeitamka shahada kila tahiyatu!

Ustadhi wangu wa zamani ndiye aliyeninyoosha. Shahada kwa Kiarabu ni "la ilaha illa Allah", na ilaha, alisema, ni mwenye kuabudiwa. Makureshi, kabila la Mtume kule Makka, hawakubisha kwamba Allah ndiye muumba. Sura ya Luqman, aya ya 25, inasema ukiwauliza nani kaumba mbingu na ardhi watajibu ni Allah. Kilichowashinda ni kuyaacha masanamu. Ndiyo maana "la ilaha" hufagia kwanza, kisha "illa Allah" ikathibitisha: hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Allah. Abu Talib, ami yake Mtume aliyemkinga miaka yote, aliombwa neno hilo moja akiwa kufani na hakulitamka. Alijua linadai nini.

Kwa hiyo ukimsindikiza mtu kusilimu, mfasirie kabla hajatamka, kwa lugha anayoielewa. Simaanishi umcheleweshe, mwenye kutaka kusilimu hacheleweshwi, na maelezo haya hayamalizi dakika kumi. Matamshi ya Kiarabu yatanyooka baadaye. Usiipite mbio nusu ya pili pia: kumkubali Muhammad kuwa mtume ni kuabudu alivyofundisha yeye, si tunavyojitungia.

Wahb bin Munabbih, mwanachuoni wa kizazi kilichofuata masahaba, aliulizwa, je, la ilaha illa Allah si ufunguo wa Pepo? Akasema ndiyo, lakini hakuna ufunguo usio na meno. Ukija na wenye meno utafunguliwa, la sivyo hufunguliwi.

Meno ya ufunguo wangu niliyaona wiki ileile. Shemeji alipita dukani kwangu, akainua macho juu ya mlango, kwenye kitambaa cheusi kilichoshonwa.

"Na hiki?"

"Cha kuvuta wateja. Alikitundika mjomba."

Hakusema kitu. Nikaenda kutafuta stuli.