Miwani ya uhalisia pepe na makengeza ya mtoto
Dada yangu wa Kizota, umeuliza kama miwani ya uhalisia pepe, ile inayofunika macho na kuonyesha video ndani yake, ambayo kaka yako yuko tayari kuituma kutoka Marekani itayanyoosha makengeza ya mwanao wa miaka 5. Haitayanyoosha, kwa sababu kazi yake ni nyingine. Luminopia, miwani ya aina hiyo iliyoidhinishwa huko Marekani mwaka 2021, hutibu uvivu wa jicho, yaani hali ya ubongo kuzoea kulipuuza jicho moja: mtoto hutazama katuni saa 1 kwa siku, siku 6 kwa wiki, huku picha ya jicho lenye nguvu ikififishwa ili lile dhaifu lilazimike kushiriki. Hutolewa kwa maelekezo ya mtaalamu, tena kwa mtoto ambaye makengeza yake ni madogo.

Kinachonihangaisha zaidi ni muda, maana katika umri huo ubongo bado unafundishika. Mpeleke kliniki ya macho ya hospitali ya rufaa hapo Dodoma wiki hii, apimwe kwa matone ya kupanua mboni, kwani wapo watoto ambao jicho hurudi mahali pake kwa miwani ya kawaida tu, ingawa wengine huhitaji upasuaji wa misuli. Binti yangu alizibwa jicho lenye nguvu kwa plasta saa 2 kila siku; alilia siku 3 za mwanzo, kisha akawa anachambua mchele pamoja nami kwenye ungo, akitoa chuya moja moja kwa jicho lile dhaifu. Na ukiona weupe ndani ya mboni ya mwanao, hasa kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa flashi, usisubiri hata kesho, kwani huenda ikawa saratani ya jicho.