I-94 wakati wa theluji: fuata sanamu zisizo na mlango

Sisi tunaofanya kazi za zamu hospitalini tunajua mambo yalivyo: likizo ya Julai huchukuliwa na waliotangulia kuajiriwa, wengine tunaachiwa Januari. Na Januari ya Minnesota si mchezo. Maziwa yameganda kiasi kwamba watu wanapitisha pikapu juu ya barafu kwenda kuvua samaki. Wenzangu wengi humalizia likizo hiyo kwenye kochi, na wenye nafasi hukata tiketi ya Dar. Mimi hushika barabara ya I-94 kuelekea magharibi, hadi Dakota Kaskazini, kutazama vitu ambavyo huwezi kuamini kwamba kuna kamati iliyokaa ikavipitisha: ng'ombe wa maziwa mwenye kimo cha mita 11 juu ya kilima, nyati wa zege, Mviking mwenye mkuki, mabata bukini ya chuma chakavu yanayoruka angani. Kila mwaka kuna anayeniuliza namna ya kuifanya safari hiyo bila kuganda njiani, basi nayaweka hapa.

Kanuni yangu kubwa ni hii: wakati wa baridi fuata kitu kisicho na mlango. Makumbusho ya miji midogo hufungwa, au hufunguliwa siku wanazozijua wenyewe. Vibanda vya kumbukumbu vinawekwa mbao madirishani hadi Mei. Sanamu ya kando ya barabara haifungwi. Haina kiingilio wala foleni, na Januari utaikuta umebaki nayo peke yako, theluji safi imeizunguka, hakuna basi la watalii lililoegeshwa mbele yake. Wanaokuja Julai wanasubiriana kupiga picha, tena wanaumwa na mbu.

Kama hujawahi kuendesha kwenye theluji nje ya mji, usianze na Dakota. Anza na Darwin, kijiji kilichopo magharibi mwa Minneapolis, safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Pale kuna mpira wa kamba. Mkulima mmoja aitwaye Francis Johnson alianza kuuviringisha Machi 1950, akaendelea kwa miaka 29, hadi ukafika upana wa karibu mita 3.7 na uzito wa takriban kilo 7,900. Darwin wanajivunia kwamba hakuna mpira wa kamba mkubwa kuliko huo uliowahi kutengenezwa na mtu mmoja. Kule Kansas, mji wa Cawker City una mpira mwingine unaopigania sifa hizo, lakini ule unaongezwa kamba na kila apitaye, na watu wa Darwin watakueleza tofauti hiyo hata kabla hujauliza. Ulipofika uzito huo Johnson alikuwa anauinua kwa jeki za reli ili aendelee kuuzungusha. Alifariki mwaka 1989, na mpira ukahamishiwa katikati ya kijiji, ndani ya kibanda cha vioo ambacho unakitazama kutoka nje saa yoyote.

Mimi ni mtu wa Tanga, na mpira ule ulinishika kuliko nilivyotarajia. Kamba yenyewe ni ile ya mashine za kufungia majani makavu ya ng'ombe, na zama zile kamba hizo zilisokotwa zaidi kwa katani. Miaka ya 1950 hakuna nchi iliyoizidi Tanganyika kwa katani duniani. Nilikaa mbele ya kile kioo, pua imekufa ganzi, nikiwaza mashamba ya Korogwe na Muheza, na wakata mkonge waliolipwa kwa mzigo. Mkulima wa Minnesota alipata muda wa kuviringisha kamba saa nne kwa siku kwa sababu alikuwa na kamba ya kuchezea, na hiyo ndiyo sehemu ya hadithi ambayo hakuna bango pale linaloigusa. Nendeni mkaone, hasa mliotoka Tanga.

Ukishazoea, sasa shika I-94. Kutoka Minneapolis hadi Fargo ni kama kilomita 380, na njiani kuna vituo viwili vizuri vya kunyoosha miguu. Alexandria kuna Big Ole, Mviking wa mita 8 na nusu aliyetengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya New York ya 1964 na 1965, akarudishwa nyumbani. Ngao yake inadai kwamba mji huo ndio chimbuko la Amerika, kwa sababu ya jiwe lenye maandishi ya kale lililochimbuliwa karibu na hapo mwaka 1898, ambalo wataalamu wengi wanasema ni la kughushi. Mji haujali, na mimi nauunga mkono. Mbele kidogo, Rothsay, kuna ndege wa mbugani wa zege aliyewekwa mwaka 1976, amevimbisha mifuko ya hewa ya shingoni kama anavyofanya dume anapotafuta jike. Dakika kumi zinatosha, urudi garini.

Fargo ni pa kulala na kula. Mji huo umepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, Burundi na Somalia, na ukizunguka kwenye maduka ya vyakula utasikia Kiswahili cha Bukavu na cha kambini. Ukisalimia "shikamoo" huenda mtu akacheka, lakini utaelekezwa penye chakula.

Baada ya Fargo nchi inalala bapa na upepo unaanza kazi. Jamestown, kilomita 150 mbele, ndiko aliko nyati wa zege wa mwaka 1959, mwenye kimo cha mita 8 na uzito wa tani 60. Maduka ya ule mtaa wa kizamani ulio karibu naye ni ya kiangazi, lakini nyati mwenyewe hakosi. Ukimwona ana theluji mgongoni na kidevuni utaelewa kwa nini nasema msimu huu ndio wake; nyati wa kweli hukaa hivyohivyo dhorubani, kichwa kimeelekea upepo.

Halafu Bismarck, kisha New Salem na Salem Sue, ng'ombe wa fibaglasi aliyejengwa mwaka 1974 kwa heshima ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Anaonekana kutoka mbali sana barabarani. Safari moja nilikuwa na shemeji yangu aliyekuja kututembelea kutoka Mwanza. Tulipopita Bismarck alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Shem, hata huku yupo?" Kwao lile jiwe maarufu lililosimama ziwani lina jina la Bismarck huyohuyo, kansela wa Ujerumani. Huku mji ulipewa jina lake mwaka 1873 kwa matumaini kwamba Wajerumani wataleta fedha zao kwenye reli ya Northern Pacific. Tulipofika chini ya Sue akaangalia juu, akaangalia kiwele, akaniuliza, "Hivi hawa watu walikosa kazi?"

Swali halali. Jibu lake ni kwamba barabara kuu ilipopita, magari yalianza kuruka miji hii kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa bila hata kupunguza. Mji unaohitaji mtu anunue mafuta na supu lazima umpe sababu ya kukata kona. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mfano mkubwa kuliko wote ni Regent, kijiji cha watu wasiofika 200. Mwalimu mmoja, Gary Greff, aliona kijiji chake kinakufa, akajifunza kuchomelea vyuma, akaanza kujenga sanamu kubwa kwenye barabara ya kilomita 51 inayotoka I-94 karibu na Gladstone hadi kijijini. Ile ya kwanza kutokea barabara kuu, ya mabata bukini, ilisimamishwa mwaka 2001; ina kimo cha zaidi ya mita 33, na imeingia kwenye rekodi za Guinness kuwa sanamu kubwa kuliko zote za chuma chakavu. Imetengenezwa kwa matangi na mabomba ya visima vya mafuta. Jua la Januari likiwa chini, kivuli chake kinatambaa juu ya theluji hadi kinavuka uwanja mzima. Nimeiona kiangazi pia, na sikusimama muda mrefu.

Sasa mambo ya kukuweka hai. Tanki lisishuke chini ya nusu, hata kama sheli ya mbele ina bei nafuu. Ukikwama, mafuta hayo ndiyo moto wako. Kati ya I-94 na Regent usitegemee sheli wala mtandao wa simu. Kwenye buti weka koleo, mablanketi, mfuko wa mchanga wa kumwaga chini ya matairi, nyaya za kubusti betri, tochi, na chakula kisichohitaji kupikwa. Maji yaweke ndani ya gari pamoja nawe, kwenye buti yataganda. Maji ya kusafishia kioo nunua yale yaliyoandikwa kuhimili chini ya nyuzi 29 hasi za Selsiasi. Yale ya kiangazi yataganda kwenye kioo ukiwa mwendoni nyuma ya lori, na hapo huoni kitu. Upepo wa matairi pima asubuhi kabla ya kuondoka, kwa sababu kila joto likishuka nyuzi 6 hivi hupungua kama psi 1. Na kile kitufe cha kushikilia mwendo (cruise control) usikiguse barabara ikiwa na unyevu au barafu. Madaraja huganda kabla ya barabara yenyewe. Lori la kuondoa theluji likiwa mbele yako, baki nyuma yake kwa mbali. Ndilo linalokutengenezea njia.

Ukikwama kwenye dhoruba, usitoke kwenda kutafuta msaada. Watu wanapotea hatua chache kutoka kwenye gari lao. Piga simu, washa injini upate joto kama dakika kumi kila saa, fungua kioo kidogo, na kila unapotaka kuwasha toka kwanza ukaondoe theluji kwenye bomba la ekzosi. Bomba likizibwa, kaboni monoksidi inaingia ndani, na haina harufu ya kukuonya.

Kabla ya kutoka hotelini piga 511, namba ya taarifa za hali ya barabara, au angalia ramani yake; namba hiyo ni moja Minnesota na Dakota Kaskazini. Wakiandika kwamba safari haishauriwi, kaa. Dhoruba ikizidi hufunga I-94 kabisa kwa mageti yaliyopo kwenye maingilio, na kupita penye alama ya kufungwa ni kosa. Utaona pia magari mengi ya kule yana waya wa umeme unaoning'inia mbele ya boneti; ni wa kupashia injini usiku. Gari lako likiwa halina, omba hoteli ikuonyeshe pa kuegesha palipokingwa na upepo.

Mavazi sitayaeleza sana, mnayajua. Jinzi ya pamba peke yake haifai, soksi za sufu ni lazima, na simu ikae mfuko wa ndani, kwa sababu betri hushuka ghafla baridini ukabaki huna kamera wala msaada. Upepo ukifanya baridi ihisike nyuzi 28 hasi, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Watoto watataka kukaa zaidi. Weka saa.

Kinachowashinda wengi hata hivyo ni mwanga. Desemba na Januari kule jua linazama karibu saa kumi na moja jioni au kabla, na sanamu isiyo na taa usiku ni kitu cheusi tu. Mimi hupanga vituo viwili kwa siku, vitatu vikiwa karibu sana, na safari ndefu naiweka asubuhi. Regent iko kwenye ukanda wa saa wa milima, kwa hiyo ukitoka Bismarck saa yako itarudi nyuma saa moja. Usifurahi, giza linafika vilevile.

Ukimaliza kupiga picha, ingia mgahawani. Hapo ndipo safari ya baridi inalipa. Kiangazi mhudumu hana muda na wewe. Januari mezani kuna wazee wa kahawa wanne ambao wameshaambiana habari zote, na mtu mweusi aliyeendesha siku nzima kuja kumwona ng'ombe wao ni habari mpya. Agiza supu ya knoephla, ya viazi, maziwa na vidonge vya unga, chakula cha Wajerumani waliotokea Urusi. Nzito, inafika hadi vidoleni. Pale New Salem mzee mmoja alimuuliza shemeji kwao wana ng'ombe wangapi. Shemeji, ambaye ukoo wake ni Wasukuma, akaanza kuhesabu za baba, za babu, za wajomba, na mahari zilizotolewa na zilizoingia. Kahawa iliongezwa mara kadhaa, nami ndiye niliyelazimika kumkumbusha kwamba jua linaondoka.

Mwisho, usipange kurudi Jumapili ikiwa zamu yako inaanza Jumatatu asubuhi. Acha siku moja tupu. Hoteli chukua ile inayokubali kufutwa siku hiyohiyo bila faini, na uhakikishe kwa kuwapigia wenyewe, kwa sababu bei za chini kabisa za mtandaoni mara nyingi hazirudishwi. Dhoruba hutabiriwa siku mbili tatu mapema, lakini saa ya kufika kwake hubadilika, na ni bora ikukute Fargo penye chakula kuliko Gladstone.