Hela ya kila siku inaishia wapi, niingie kikoba?

SWALI: Dada habari, mi ni msusi hapa Mbagala, hela naipata kila siku ila jioni siioni, majirani wananiambia niingie kikoba, kile kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ndo ntajifunza kupangilia, ni kweli au ntaongeza madeni tu?
Msusi, Mbagala

JIBU: Shoga yangu ni kweli, ila kinachofundisha sio lile sanduku la kufuli tatu wanalotunzia hela, ni wale watu. Vikundi vingi unanunua hisa, yaani mafungu ya akiba ya bei mliyokubaliana, moja mpaka tano kila mkikutana, sasa ukishajua Jumamosi lazima ununue hata moja, Jumatano mkono unasita wenyewe kwenye chipsi mayai. Halafu ukiomba mkopo unaulizwa mbele ya wenzio unaenda kufanyia nini na utarejesha kwa hela ipi, hapo ndo utajikuta una daftari la mapato na matumizi bila kulazimishwa na mtu. Kaa karibu na mama wa genge, muulize anatenganishaje hela ya mtaji na ya kula, hilo ni darasa la bure.

Madeni yanakuja ukiwa kwenye vikoba vitatu kwa mpigo, unakopa huku unalipa kule, na mkopo wa sare ya harusi mi siupendi kabisa. Uliza pia kama kimesajiliwa, sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inataka hivyo, na katiba yao isome hasa pale kwenye faini, maana kuna vikundi faini ya kuchelewa inauma kuliko riba.