Uchawi bila sharti haunogi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kwa nini tunapenda hadithi za uchawi, na maishani uchawi una nafasi gani. Wengi watawajibu kwamba binadamu anapenda maajabu, basi. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari hapa Mwanza, na naona maajabu yenyewe hayawashiki wanafunzi kwa muda mrefu. Mtu akipaa kwa ungo watacheka. Akipaa tena wanaanza kupiga soga. Kinachowabana ni sharti.

Chukueni Fumo Liyongo. Hadhuriki kwa chochote ila sindano ya shaba, tena ichomwe kitovuni. Nikisimulia nguvu zake, darasa linanisikiliza kwa heshima tu. Nikifika pale mwanawe, aliyekwisha kurubuniwa na maadui, anapomuuliza baba ni kitu gani kinachoweza kumuua, wa nyuma wanasogeza viti mbele. Liyongo anahisi kabisa kwamba kijana katumwa, na bado anamwambia. Kuna mwanafunzi aliwahi kuropoka, "Si angemdanganya tu, mwalimu?" Wenzake wakamzomea mpaka akainamisha kichwa. Hakuna aliyetaka shujaa wa namna hiyo. Ile sindano ndiyo hadithi; ukiiondoa, Liyongo anabaki kuwa bonge la mtu, na mabonge ya watu tunao hata kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba, wanabeba magunia ya dagaa.

Kwetu Usukumani uchawi wa kupendeza una hata uwanja wake. Ukitoka mjini kwa barabara ya Musoma unafika Kisesa, na jirani yake ni Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma. Msimu wa Bulabo, sherehe ya ngoma ya mwezi wa sita, makundi mawili hasimu ya wachezaji, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi. Husimuliwa kwamba mgawanyiko huo ulianzia kwa waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana dawa ya nani ni kali. Utamwona mchezaji na chatu shingoni, mkono mmoja umekishika kichwa cha nyoka nyuma kidogo ya taya, vumbi limempanda hadi magotini. Mama mwenye mtoto mgongoni anarudi hatua moja nyuma, halafu anasogea mbili mbele. Kisha upande wa pili manju, kiongozi wa ngoma, anatupa utani, umati unacheka, na nusu ya watu wanahama. Walioachwa watanung'unika kwamba wenzao wamepitia kwa mganga. Mimi naona dawa yenyewe ni ulimi wa manju, ila pale uwanjani sithubutu kulisema hilo.

Ziwani mambo ni mazito zaidi. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka hawakusanyiki vizuri kwenye mwanga, na mitumbwi inapumzika. Kwa hilo hakuna anayehangaika na dawa, kila mvuvi anaujua mwezi. Dawa inatafutwa kwa yasiyo na kalenda: upepo unaogeuka usiku wa manane, au mtumbwi wa jirani kurudi umejaa na wako mtupu, na taa mliwasha pamoja. Bronislaw Malinowski, mtafiti aliyeishi visiwa vya Trobriand huko Pasifiki wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, aliandika jambo hilohilo: kwenye maji tulivu yaliyozingirwa na miamba watu walivua bila uchawi wowote, na kwenye bahari kuu, penye hatari na kubahatisha, ndipo uchawi ulipojaa. Kwa hiyo mvuvi anayefunga kitu kwenye mtumbwi wake simcheki. Ninayemtilia shaka ni aliyemuuzia.

Tazameni matangazo kwenye nguzo za umeme: mvuto wa biashara, kurudisha mpenzi, kushinda kesi, na namba ya simu chini. Mganga huyu naye ana masharti. Usile hiki, usimpe mtu mkono, usigeuke nyuma. Ila katika ngano sharti tunatajiwa mapema, na linambana mwenye uwezo mwenyewe. Kwa mganga wa nguzoni sharti linamlinda yeye: dawa ikigoma, umekosea wewe, na hela hairudi.

Na asipokulaumu wewe atatafutwa mtu wa tatu. Hapa Kanda ya Ziwa tunawajua hao: vikongwe waliouawa kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyokaa miaka na miaka mbele ya moshi wa kuni na samadi ya ng'ombe, na wenzetu wenye ualbino, waliowindwa kwa ajili ya viungo vyao. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na inamtia hatiani hata anayemtaja mwenzake kuwa mchawi kwa nia ya kumdhuru. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Watu waliendelea kupiga ramli, kwa sauti ya chini.

Nafasi ya uchawi maishani, basi, mimi naisimamia kwenye madaftari. Nikitoa insha ya kubuni, mchawi anakuja yuleyule: bibi kizee, macho mekundu, nyumba ya pembeni. Simkatai mchawi, maana insha nyingine bila yeye zingelala. Ila pembeni naandika kwa wino mwekundu: "Huyu bibi anapikia nini? Na sharti lake ni lipi?" Wengi wanarudi kuandika upya. Mmoja alimfanya mchawi wake kijana wa bodaboda asiyeruhusiwa kumdai abiria chenji. Tahajia ilikuwa ovyo, lakini nilimpa alama za juu.